Kuchagua usukani na mikono ya nguvu kwa urubani wa nyumbani

Mtu anayetafuta usukani kwa ajili ya programu za kuigiza urubani, kama vile Microsoft Flight Simulator au X-Plane, kwa kawaida huanza kwa kuuliza ni chapa ipi iliyo bora, ilhali swali linalopaswa kutangulia ni ndege ipi atakayoirusha mara nyingi zaidi. Cessna 172 na Boeing 737 huongozwa kwa usukani. Airbus A320, tangu iliporuka kwa mara ya kwanza mwaka 1987, huongozwa kwa fimbo ndogo iliyo pembeni mwa kiti, na Diamond DA40 ina fimbo inayosimama kati ya magoti ya rubani. Mpenzi wa A320 akinunua usukani, atakuwa amenunua kifaa kizuri cha ndege ya mtu mwingine. Kwa sababu hiyo orodha hii inawahusu wale ambao ndege zao zina usukani kweli, na wapenzi wa Airbus watapata neno lao baadaye.

Kigezo nilichokipa uzito kuliko vyote ni ulaini wa usukani unapopita katikati. Wakati wa kutua, rubani husukuma na kuvuta kwa kiasi kidogo mno, na iwapo springi zimejenga kizuizi pale katikati, mkono hulazimika kuongeza nguvu ili kukivuka, kisha pua ya ndege huinuka au kushuka kuliko ilivyokusudiwa. Kasoro hiyo haionekani kwenye picha za matangazo wala kwenye orodha ya sifa, na ndiyo inayowafanya watu wengi wadhani kwamba hawajui kutua. Kigezo cha pili ni pembe ya mzunguko. Usukani unaozunguka nyuzi 180 kwa jumla, yaani 90 kila upande, huutandaza mwendo wa aileroni, yaani vibao vya nyuma ya mbawa vinavyoilaza ndege upande, katika nafasi pana, hivyo kosa dogo la mkono hubaki dogo. Ule wa nyuzi 90 kwa jumla hulikuza kosa hilohilo mara mbili. Kuhusu vihisi vinavyosoma mwendo wa usukani, inatosha kujua kwamba potenshiomita husoma kwa kugusana na hivyo huchakaa, wakati kihisi cha Hall husoma uga wa sumaku bila mguso wowote.

Nafasi ya kwanza naipa jozi ya Honeycomb, yaani usukani wa Alpha pamoja na kisanduku cha mikono, yaani vishikio vya kudhibiti injini, cha Bravo. Alpha huzunguka nyuzi 180, na chini yake kuna swichi za betri, alteneta na taa za ndege, pamoja na swichi ya nafasi 5 ya kuwashia injini. Nilidhani mwanzoni kwamba swichi hizo ni mapambo, lakini anayefuata orodha ya ukaguzi hatua kwa hatua huona upesi tofauti kati ya kuzigusa kwa vidole na kuzitafuta kwenye skrini kwa kipanya. Bravo ina mikono 6 ambayo vichwa vyake hubadilishwa, kwa hiyo kisanduku kilekile hutosha kwa Beechcraft Baron, ambayo kila injini yake ina mkono wa nguvu, wa propela na wa mchanganyiko wa mafuta, na kesho yake hugeuzwa kuwa cha ndege ya abiria. Kina pia gurudumu la trimu, yaani la kuiweka pua ya ndege sawa bila kuushikilia usukani kwa nguvu, mkono wa magurudumu ya kutulia na vitufe vya otopailoti, mfumo unaoiongoza ndege badala ya rubani. Gurudumu hilo hutuma ishara kama kitufe kinachobonyezwa tena na tena, na lisiporekebishwa kwenye programu, huzungushwa mno kabla pua ya ndege haijatii. Vifaa hivi viwili huuzwa kando kando, na anayetumia Xbox ahakikishe anachukua toleo la Alpha lililotengenezwa kwa ajili yake, kwa kuwa la awali ni la kompyuta pekee.

Nafasi ya pili ni VelocityOne Flight ya Turtle Beach, inayofanya kazi kwenye Xbox na kompyuta, na inayokuja na usukani wa nyuzi 180, mikono, na gurudumu la trimu katika sanduku moja. Ina vifundo vya kusukuma na kuvuta kama vya Cessna 172, jambo ambalo hata Bravo haina, na kwenye vishikio kuna vidhibiti vya usukani wa mkia, kibao cha mkiani kinachogeuza pua kushoto au kulia. Mwenye ndege ya injini mbili za pistoni, hata hivyo, atapungukiwa na mikono.

Ya tatu ni Thrustmaster TCA Yoke ya toleo la Boeing, ambayo kwa mpenzi wa ndege kubwa pekee ningeipandisha hadi ya kwanza. Usukani wake haupiti kwenye tundu kwa kuteleza, bali hubembea kama pendulumu, na umbo lake limefuata lile la Boeing 787. Ni mkubwa, na hula meza.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Katika Boeing halisi, otopailoti inapodhibiti nguvu ya injini, mota huisogeza mikono yenyewe, lakini mikono ya kisanduku cha nyumbani hubaki pale ulipoiacha, hivyo siku utakapozima mfumo huo bila kuilinganisha kwanza, injini zitanguruma au kunyamaza ghafla. Katika Airbus mikono haisogei hata kwenye ndege yenyewe. Hukaa kwenye kituo cha kupandia, yaani alama ambapo mkono hunasa, kwa sehemu kubwa ya safari. Ndiyo maana kisanduku cha Thrustmaster cha toleo la Airbus, chenye vituo vyake vinavyosikika mkononi, huiga ukweli vizuri kuliko vingi vilivyo vikubwa kuliko chenyewe. Kinunuliwe pamoja na fimbo.

Nafasi ya nne ni Logitech G Flight Yoke System, iliyorithiwa kutoka Saitek baada ya Logitech kuinunua chapa hiyo mwaka 2016. Huzunguka nyuzi 90 tu kwa jumla, na ugumu wa katikati nilioueleza huhisika zaidi hapa, lakini huja na kisanduku cha mikono 3, ambacho kwa ndege ya injini moja hakina upungufu. Anayejaribu kama atalipenda jambo hili hatajuta. Sukani zenye mota zinazorudisha nguvu mkononi, kama Moza AY210, sizipangi hapa, kwa kuwa ni ununuzi wa mtu anayejua tayari anachokikosa.

Kumbuka kwamba joistiki nyingi huzungushwa ili kugeuza usukani wa mkia, na ukihamia kwenye usukani bila pedali utaupoteza uwezo huo, isipokuwa kwa kifaa kama VelocityOne. Pima pia unene wa ukingo wa meza dhidi ya kibanio, na nafasi ya magoti yako. Ukinunua kilichotumika, fungua ukurasa wa kusawazisha vifaa kwenye kompyuta, sogeza kila mkono taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha uache usukani bila kuugusa: alama ya skrini ikirukaruka, kihisi kimechoka.