TAHADHARI: DVD ya "programu 5,000" inayouzwa Kampala imenifungia kazi za wateja

Wenzangu wenye vibanda vya kuchapa na kutoa kopi, hasa ninyi wa Busia, Malaba na Tororo mnaokwenda Kampala kununua rimu na wino: kuna DVD inauzwa kwenye meza za barabarani karibu na paki za teksi. Jalada lake ni la bluu, na juu yake pameandikwa kwa njano "Programu 5,000, zote kamili". Msiinunue. Na kama mnayo tayari, isiingie kwenye kompyuta yenye kazi za watu.

Mimi niliinunua mwezi wa tatu kwa shilingi 15,000. Muuzaji ni kijana mpole. Aliposikia natoka Busia akaacha Kiganda, akanisemesha Kiswahili: "Dada, ukiwa na hii hutahangaika na bando tena. Kila kitu kimo, kimeshalipiwa." Alinigusa panaponiuma. Tangu Julai 2021 bando la intaneti hapa Uganda lina ushuru wa asilimia 12, na mwenye kibanda kimoja huhesabu kila megabaiti. Nikalipa, nikaomba namba yake ya simu endapo diski itagoma. Akanipa. Haijawahi kupatikana hata siku moja.

Nilipoitia kwenye laptopu, menyu ilifunguka yenyewe, yenye rangi nzuri: ofisi, picha, muziki, antivirusi, michezo. Nilibofya kama mtu anayechagua vitenge sokoni. Nyingi hazikufunguka kabisa, kwa sababu ni za enzi za Windows 95 na Windows ya biti 64 haiwezi kuendesha programu za biti 16. Hilo halikuniudhi. Nilichotafuta hasa ni programu ya kurekebisha picha za pasipoti, nikaipata, na kando yake palikuwa na faili la maandishi lenye jina "SOMA KWANZA". Lilisema: zima antivirusi, endesha faili la ufunguo, kisha washa upya.

Nikaizima. Hapo ndipo nilipofungua mlango kwa mkono wangu, na ndiyo sababu naandika haya.

Programu haikutokea. Badala yake lilikuja dirisha likisema Windows inajisasisha, nami nilikuwa nimeiunganisha laptopu na simu, basi nikaamini. Nikaiacha ikiwaka, nikafunga duka. Asubuhi kila faili lilikuwa limeongezewa mkia wa herufi nne nisizozijua, na kila folda ilikuwa na faili moja jipya, _readme.txt. Ndani yake wanadai dola 980, au 490 ukiwasiliana nao ndani ya saa 72. Utafiti wa mwanafunzi wa chuo, mitihani ya mwalimu mmoja, hesabu za kikundi cha akina mama, vyote havifunguki.

Fundi wa hapa mjini aliitambua mara moja: ni virusi vya ukoo wa Djvu, na vinapenda kusafiri ndani ya hivyo vifaili vya "ufunguo" vya kuvunja programu za kulipia. Lile dirisha la kusasisha ni la uongo. Huwekwa ili usishtuke diski ya kompyuta inapofanya kazi kwa nguvu wakati faili zinafungwa. Kampuni ya Emsisoft ilitoa chombo cha bure cha kuzifungua mwaka 2019, lakini kinafaa pale tu ufunguo uliotumika unapojulikana. Wangu ulitengenezwa mtandaoni kwa ajili ya mashine yangu peke yake. Sikulipa. Virusi hivyo mara nyingi huja na wenzao wa kuiba nywila, kwa hiyo nilibadilisha nywila ya barua pepe kwa kutumia simu. Nawe ukipatwa, usiibadilishe kwenye kompyuta ile ile.

Hapa tuelewane vizuri, maana nimesikia watu wakisema diski zote za programu ni wizi. Si kweli. Mwaka 1982 huko Marekani, Andrew Fluegelman na Jim Knopf walianza kutoa programu zao kwa mtindo huu: chukua, jaribu, mpe na mwenzako nakala, na ukiona inakufaa mlipe mtunzi. Diski zilizojaa programu za namna hiyo ziliuzwa kwa bei ya diski na kazi ya kukusanya, na mnunuzi alielezwa wazi kwamba malipo ya mtunzi bado. Hadi leo WinRAR, programu ya kubana na kufungua faili zilizobanwa, inakupa siku 40 za kujaribu, kisha inakukumbusha ulipie. Mtu akikuuzia hiyo akakwambia "imeshalipiwa", amekudanganya kwenye neno lenyewe linalobeba biashara. Na anayekuuzia nakala ya programu ya kulipia bila ruhusa ya mtunzi anavunja Sheria ya Hakimiliki ya 2006 ya nchi hii, na anakuburuta nawe ndani.

Baadaye nilirudi kuichunguza DVD ile kwenye kompyuta kuukuu ya fundi, isiyo na intaneti wala kazi ya mtu. Ukishikilia kitufe cha Shift unapoingiza diski, menyu haijifungui. Windows za siku hizi zimezuia flashi kujiendesha zenyewe, lakini CD na DVD bado zinaruhusiwa. Kisha tukaingia kwenye folda, tukaiambia Windows ionyeshe mikia ya faili, tukapanga kwa ukubwa. Ndipo uongo ukakaa peupe. Faili zaidi ya 40 zenye majina tofauti kabisa, hili la uhasibu, lile la kamusi, zote zina ukubwa sawasawa hadi baiti ya mwisho. Ni kitu kimoja kilichopewa majina 40. Mengine yalijifanya picha, lakini jina lilimalizikia kwa .exe, mkia wa programu inayojiendesha ukiibofya. Folda kadhaa zilikuwa tupu. Hizo 5,000 hazipo.

Kama ni lazima utumie diski ya mtu, fanya hivyo hivyo kabla ya kubofya chochote. Faili moja moja unaweza kulipeleka kwenye tovuti ya VirusTotal, likapimwa na antivirusi nyingi kwa pamoja bila malipo. Lakini maelekezo yoyote yanayokuomba uzime antivirusi, achana nayo hapo hapo, hata aliyekupa awe ndugu yako. Na kazi za wateja ziwe na nakala kwenye diski ya nje ambayo unaichomoa ukimaliza. Ikibaki imechomekwa, nayo inafungwa pamoja na nyingine. Flashi yangu moja ilipona kwa sababu ilikuwa kwenye droo ya meza.

Kwa bando: 7-Zip, ya bure ya kubana faili, haifiki megabaiti 2, na inafungua hata faili za RAR zilizobanwa na WinRAR. LibreOffice, ya bure ya kuandikia na kupigia hesabu, ni takriban megabaiti 350, unaipakua mara moja tu kutoka tovuti yao, kisha unaigawa kwa flashi kwa kibanda chochote, maana leseni yake inaruhusu. Mimi ninayo. Ukipita Busia njoo na flashi yako, nakupa bure.

Utafiti wa yule mwanafunzi tuliupata kwenye barua pepe ya msimamizi wake. Mitihani ya mwalimu nimeichapa upya kutoka karatasi alizokuwa nazo, sikumtoza. Hesabu za akina mama bado tunazikusanya risiti kwa risiti, tumefika kwenye hesabu za mwezi wa kumi na moja.