Beji ya Kijani: Uzoefu Wangu wa Kwanza Katika Kongamano la Waandishi, Mombasa

Ukiniuliza kama kongamano la waandishi nililolihudhuria hapa Mombasa linastahili ada yake, jawabu langu litategemea umeniuliza juu ya ukumbi au juu ya hema. Ukumbini nisingempeleka hata hasimu wangu. Hemani, nasema kwa shingo upande maana hasira haijanitoka, nilipata mambo ambayo tangu nianze kuandika sikuwahi kuelezwa na mtu. Habari za vyumba, bei na ratiba naziacha, kwa kuwa zote zimo katika tangazo lao na mwenye haja atazisoma huko. Ninalotaka kulisema mimi halimo katika tangazo, nalo ni beji.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Mashairi nimeyatunga tangu usichana wangu, mengine yamesomwa redioni, mengine yameimbwa harusini na waimbaji wasiojua ni ya nani, na sasa nina muswada wa riwaya uliokaa kabatini hata karatasi zake za mwanzo zimeanza kugeuka rangi. Mjukuu wangu ndiye aliyeliona tangazo, akanijazia fomu kwa simu yake, na ada nikailipa yote siku hiyo hiyo. Fomu iliuliza jina, mahali ninapoishi na aina ya maandishi yangu. Haikuuliza nimechapisha nini, wala haikudokeza kwamba watu waliolipa ada moja watagawanywa mafungu mawili.

Hilo nililijua mlangoni. Hoteli iko upande wa Nyali nami natoka Likoni, kwa hiyo niliondoka nyumbani baada tu ya sala ya alfajiri, nikavuka feri, nikapanda matatu, kisha tuktuk, nikafika kabla jua halijawa kali. Kwenye meza ya usajili alikaa kijana mtanashati mwenye kishikwambi, na mbele yake visanduku viwili, kimoja cha beji za bluu na kimoja cha beji za kijani. Akalitafuta jina langu, akaliona, kisha bila kuinua uso akaniuliza:

"Kitabu chako chaitwaje, mama?"

"Bado ni muswada, mwanangu. Nimekuja nao."

"Kwa hivyo ISBN huna?"

"Muswada utapataje ISBN?"

"Basi wewe ni wa kijani. Kijani mtakaa hemani, kule nyuma ya bwawa la kuogelea."

Nikamweleza kwamba nimelipa sawa na wenzangu. Akanijibu, na maneno haya nayatoa kama alivyoyatamka: "Ada ni ya kuingia, mama, si ya kukaa." Nyuma yangu mtu akacheka. Kijana naye, alipoona amefurahisha watu, akatabasamu na kumwita aliyefuata. Beji yenyewe ilikuwa kipande cha karatasi ngumu ndani ya plastiki, na kamba yake ilifungwa fundo na mtu mwenye haraka, likanikwaruza shingo siku nzima. Za bluu ziliandikwa "Mwandishi" chini ya jina. Yangu ilikuwa na jina tupu, tena limekosewa herufi.

Hiyo ISBN inayogeuza mtu kuwa wa ukumbini ni namba ya tarakimu 13 ya kutambulisha kitabu sokoni, ili muuza vitabu wa Mombasa na wa Kisumu wakiagiza kitabu wawe na hakika kwamba wanaagiza toleo lile lile. Hapa Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa, na mtu anayejichapishia kitabu chake mwenyewe huiomba sawa na kampuni kubwa. Haisemi kama kitabu ni kizuri, wala haisemi kama kuna aliyekisoma. Kitabu cha mapishi kinayo, na kitabu cha hesabu cha darasa la tatu kinayo. Ikiwa nia ilikuwa kututenga kama mchuuzi anavyotenga madafu na nazi, basi mchuuzi amewazidi adabu, kwa sababu yeye hugonga kwanza akasikiliza kilichomo ndani.

Jambo kama hili kutendeka Mombasa ndilo lililonichoma zaidi. Muyaka bin Haji aliishi na kutunga katika mji huu, akafariki yapata mwaka 1840, na tungo zake zikabaki vinywani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua alipozikusanya akishirikiana na mmisionari William Taylor katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Kitabu chenyewe hakikuchapishwa hadi mwaka 1940, tena kule Johannesburg. Miaka mia nzima baada ya kuzikwa, mtu huyu hakuwa na kitabu cha kumwonyesha kijana wa mezani. Angefika pale siku ile, angekabidhiwa beji ya kijani na kuelekezwa bwawani. Nayasema haya kwa sababu jina lake lilitajwa katika hotuba ya ufunguzi, likapigiwa makofi, na waliopiga makofi ya nguvu zaidi walikuwa waandalizi wenyewe.

Ufunguzi huo sisi wa kijani tuliruhusiwa kuusikiliza tukiwa tumesimama nyuma ya viti, na kipindi kilichofuata pia, kilichohusu historia ya Kiswahili sanifu. Msemaji, msomi mwenye sauti nzuri na hakika nyingi, alitueleza kwamba shauri la lugha sanifu lilikatwa Unguja, na ndiyo maana lahaja ya Unguja ikashika hatamu. Nikanyosha mkono. Nilitaka kusema jambo moja tu, kwamba mkutano ulioichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu uliketi hapa hapa Mombasa mwaka 1928, kamati ya lugha ikaanza kazi mwaka 1930, na kwa hiyo Kimvita, lahaja ya Mombasa, kilishindwa kikiwa nyumbani kwake. Sikukusudia ugomvi. Ni jambo nililolifundisha darasani, na wanafunzi wangu wangeliandika hivyo alivyosema yeye ningewatia alama ya mkasi.

Mwendesha kipindi aliniona. Macho yake yakashuka usoni mwangu hadi kifuani penye beji, yakakaa hapo kidogo, kisha akasema kwenye kipaza sauti, watu wote wakisikia: "Wa kijani mtaandika maswali yenu kwenye karatasi, tutayajibu muda ukiruhusu." Akampa nafasi bwana mmoja wa bluu, ambaye hakuwa na swali bali alikuwa na shukrani, nazo zilikuwa ndefu. Niliandika karatasi yangu kwa hati safi, nikaikunja mara mbili, nikampa mhudumu. Kwa macho yangu nilimwona akiifikisha mezani na kuiweka chini ya jagi la maji ya barafu. Jagi lilipoinuliwa ili bwana wa shukrani amiminiwe maji, karatasi iliinuka pamoja nalo, imenata kitakoni, wino wa bluu ukichuruzika, na mhudumu akaibandua kwa ukucha na kuitia katika sahani ya makombo. Muda, bila shaka, haukuruhusu.

Watakaosema kwamba mwalimu huyu ana kiburi na waseme. Nimekaa mbele ya madarasa ya watoto hamsini na zaidi, na hata mtoto aliyekuwa akinyosha mkono kila baada ya dakika sikumwambia aandike karatasi kwa sababu ya rangi ya sweta lake. Tangu wakati ule kila kitu kikaniudhi: viyoyozi vilivyonguruma, mapazia, picha zilizopigwa kila dakika, hata ua la plastiki juu ya meza ya wasemaji. Najua ua halikunikosea.

Chakula tulipewa hemani, na sitadai kwamba kilikuwa kibaya, ingawa nilijitahidi kukiona hivyo. Baada yake ndipo hukumu yangu ilipoanza kuharibika.

Hema lilikuwa na joto, na feni moja ya kusimama ambayo shingo yake ilikwama, ikawa inapuliza safu za mbele peke yake. Kipaza sauti hakikuwapo. Waliokaa humo, hata hivyo, walikuwa watu wa kuandika kwelikweli: nahodha wa zamani wa majahazi anayeweka kumbukumbu za safari zake katika madaftari ya shule, binti wa Changamwe anayetunga hadithi za majini zinazosomwa kwenye simu na watu wengi kuliko wale waliojaa ukumbini, na vijana wa tenzi waliosahihishana mizani kwa kugonga vidole kwenye kiti. Mbele yetu akaletwa mama mmoja aliyefanya kazi ya uhariri katika uchapishaji mpaka akastaafu. Alivua viatu, akauliza nani kati yetu amewahi kusoma mkataba wa uchapishaji mpaka mwisho, na alipoona hakuna mkono, akasema tuanzie hapo.

Alianza na mrabaha, yaani fungu analolipwa mtunzi kwa kila nakala inayouzwa. Tukiambiwa tutalipwa asilimia kumi, alisema, tusishangilie kabla ya kuuliza ni asilimia kumi ya nini. Kitabu kikiuzwa dukani kwa shilingi 600, na hesabu ikafanywa kwa bei hiyo ya dukani, mtunzi hupata shilingi 60. Lakini ikiwa mkataba unasema ni asilimia kumi ya pato la mchapishaji, na muuza vitabu amepewa punguzo la asilimia 35, basi kinachomfikia mchapishaji ni shilingi 390 na fungu la mtunzi ni shilingi 39. Ni asilimia ile ile, maneno mawili tu yamebadilika, na kwa nakala elfu moja mtunzi amepungukiwa na shilingi 21,000. Hemani pakawa kimya. Binti wa hadithi za majini alirudia hesabu kwenye simu yake, kisha akairudia tena.

Nahodha akatoa mfukoni mkataba aliopelekewa, bado haujatiwa sahihi, umekunjwa mpaka mikunjo imeanza kupasuka. Mama yule aliupokea, akaupeleka penye mwanga, akapitisha kalamu polepole chini ya sentensi moja iliyompa mchapishaji haki zote, katika lugha zote, kwa muda wote. "Baba, hapa umeuza jahazi na bahari yake," akamwambia, tukacheka sote, naye nahodha akacheka kwa uchungu. Kisha akamwonyesha pa kuongeza kifungu: kitabu kikiisha sokoni na mchapishaji asikichape tena katika muda utakaokubaliwa, haki zimrudie mtunzi. Aliongeza kwamba mchapishaji mzuri hakasiriki akiombwa kifungu hicho, na anayekasirika amekwisha kukujibu.

Na hapo ndipo aliposema lile lililonifanya nikae wima. Mtu mmoja alimuuliza kama muswada usiochapishwa una ulinzi wowote. Akajibu kwamba Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huilinda kazi ya fasihi tangu pale inapoandikwa, na kwamba ulinzi huo hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kuisajili kazi katika Bodi ya Hakimiliki ni ushahidi wa kukufaa ukiibiwa, wala si sharti la kuwa na haki. Niliitazama beji yangu. Sheria ya nchi inanihesabu mtunzi nikiwa na karatasi zangu za kabatini, na kijana wa kishikwambi ameniweka nyuma ya bwawa.

Habari za kipindi kile zilitoka, na kabla hakijaisha watu wa bluu walikuwa wamesimama ukingoni mwa hema, juani, wakinyosha shingo. Mmoja alikuwa yule bwana wa shukrani, naye akanyosha mkono kuuliza juu ya mkataba wake mwenyewe, alioutia sahihi zamani. Nikamwambia kwamba wa bluu wataandika maswali yao kwenye karatasi. Yeye alicheka. Mimi sikucheka. Mama mhariri, ambaye hakujua yaliyotokea asubuhi, alimpisha akauliza, na swali lake, sina budi kulikubali, lilikuwa zuri.

Niliwaandikia waandalizi baadaye. Walinijibu kwa lugha ya kistaarabu kwamba rangi zile zilikuwa za utaratibu tu na hazikukusudiwa kumvunjia mtu heshima. Juu ya kipaza sauti hawakusema neno, wala juu ya karatasi yangu, wala juu ya Mombasa na mwaka 1928. Nilikuwa nimekwisha kuandika kwamba mtu asithubutu kwenda, nikaifuta sentensi hiyo, nikaiandika tena, na sasa nimeifuta kwa sababu nahodha amenipigia simu kuniarifu kwamba mchapishaji wake amekikubali kile kifungu bila maneno mengi. Kijana wa mezani bado ananidai maneno. Ukumbi nautia alama mbili katika kumi, na moja ya hizo mbili ni ya kiyoyozi.

Anayekwenda kwa mara ya kwanza, na hana kitabu kilichochapishwa, aulize kabla ya kulipa kama atakuwa na haki ya kuuliza swali kwa mdomo wake, na aulize pia somo la mikataba litafanyika wapi. Akiambiwa ni hemani, awahi safu za mbele, kwa sababu feni haifiki nyuma.