Bomba limepasuka, ofisi imefungwa: uzoefu wangu wa kudai bima ya nyumba msimu wa sikukuu

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aondoke nayo: kampuni yangu ya bima ilinilipa, tena ililipa vizuri kuliko nilivyotarajia, ila ilinisumbua roho kwa wiki sita na zaidi. Nyota tatu kati ya tano. Mbili nilizokata nitaeleza zilikwenda wapi.

Tulisafiri 21 Desemba kwenda kula sikukuu kwa ndugu, tukarudi 28 jioni. Kufungua mlango tu, nikasikia mvua. Mvua ndani ya nyumba. Dari ya sebule ilikuwa imevimba kama kiriba, maji yanachuruzika katikati, na zulia likikanyagwa linalia chwa-chwa. Mke wangu alitupa mkoba akakimbilia koki kuu. Mimi nilibaki nimesimama na sanduku mkononi nikiuliza, "Nani kaacha bomba wazi?" Swali la kipuuzi, najua.

Hakuna aliyeacha. Bomba la shaba linalopita juu ya dari, karibu na ukuta wa nje, liliganda siku za baridi kali tukiwa hatupo. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na mgandamizo wa maji yanayobanwa kati ya barafu na koki iliyofungwa ndio hupasua shaba. Jambo nililokuwa silijui ni kwamba ufa unaweza kukaa kimya kwa siku kadhaa, kwa sababu barafu yenyewe inauziba. Balaa linaanza baridi ikilegea, siku ambayo kila mtu anasema afadhali leo.

Nikapiga namba ya dharura ya kampuni ya bima. Hapa nawapa sifa zao: usiku ule, katikati ya sikukuu, simu ilipokelewa ndani ya dakika nne na dada mmoja aliyekuwa zamu, mtulivu kama vile mabomba hupasuka kila saa. Nadhani kweli hupasuka kila saa msimu ule. Akanipa namba ya dai, akaniambia niandike mahali ambapo sitaipoteza, kisha akanipa maagizo mawili ambayo kwangu yaligongana. La kwanza, nisitupe kitu chochote mpaka aje mtathmini, yaani mtu wa bima anayekagua hasara. La pili, nihakikishe hasara haiongezeki, maana mkataba unanitaka nichukue hatua za busara kuzuia uharibifu zaidi.

"Dada," nikamwambia, "hili zulia limeloa lote. Nikiliacha litaota ukungu. Nikilitupa, mtasema sikuwa na zulia."

Akacheka kidogo. Akasema ukungu unaweza kuanza ndani ya saa 24 hadi 48, kwa hiyo nisisubiri: nipige picha chumba kizima, kisha kila kitu kimoja kimoja kwa karibu, nikate kipande cha zulia cha ukubwa wa kitabu nikihifadhi kama sampuli, lililobaki nitoe nje. Vifaa vya umeme nisiviwashe kujaribu kama vizima. Risiti ya fundi wa dharura na ya mashine ya kukausha unyevu niziweke zote. Simu ile moja ilikuwa na thamani kuliko kijitabu chao chote cha mkataba, na kama ingekuwa ni kumpa nyota yeye peke yake ningempa tano.

Kisha ukimya. Asubuhi yake ulikuja ujumbe: "Dai lako limepokelewa. Mtathmini atawasiliana nawe ndani ya siku 5 za kazi." Mtu mwenye dari iliyovimba husoma "siku 5", haoni "za kazi". Ofisi ya madai ilikuwa imefungwa, hesabu ikaanza 2 Januari, wikendi ikaingia katikati, na simu ya mtathmini ikaja tarehe 8. Siku kumi na moja za kulala chumba kimoja watu wanne, mashine ya kukausha ikinguruma usiku kucha. Sina ugomvi na watu kwenda likizo. Hata mimi nilikuwa likizo. Lakini si wangeandika tarehe? "Tutakupigia kabla ya 8 Januari" ni maneno machache tu, na mtu angejua ajipangeje. Nyota ya kwanza ilikwenda hapo.

Ya pili ilikwenda kwenye barua iliyomtangulia mtathmini. Iliniambia, kwa lugha ya kistaarabu sana, kwamba kuna uwezekano uharibifu ulitokana na uchakavu wa bomba, na mkataba haufidii uchakavu wala uvujaji wa polepole. Pia nithibitishe kwamba nyumba iliachwa na joto wakati hatupo. Sharti hilo lilikuwepo kweli kwenye mkataba: ukisafiri majira ya baridi, ama uache hita ikifanya kazi, ama ufunge maji na kuyamwaga yote kwenye mabomba. Mikataba mingine ina sharti jingine la nyumba kukaa tupu siku 30 au 60 mfululizo, lakini wiki moja haikutufikisha huko. Nilikuwa nimeweka hita kwenye nyuzijoto 13. Ushahidi je? Kwa bahati, kidhibiti joto chetu kina programu kwenye simu inayoweka kumbukumbu ya kila siku. Nikapiga picha za skrini za siku zote nane nikatuma. Bila programu ile, sijui ningethibitisha kwa kitu gani. Sasa kabla ya kufunga mlango napiga picha ya kidhibiti, hata nikienda siku mbili tu; mke wangu anaona nimechanganyikiwa.

Suala la uchakavu liliamuliwa na kitu ambacho sikukihifadhi kwa akili. Fundi bomba alipokata sehemu iliyopasuka alitaka kuondoka nayo. Nikamwambia aiache, kwa sababu tu niliambiwa nisitupe kitu na nilikuwa nimefika hatua ya kutii kila neno. Nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, nikausahau juu ya kabati.

Mtathmini alipofika, mzee mwenye daftari na tochi ya kichwani, alikagua dari, akapima unyevu wa kuta kwa kifaa chenye pini mbili, akaandika bila kusema neno. Nikakumbuka mfuko. Alitoa kile kipande akakigeuza mara mbili chini ya mwanga. Shaba ilikuwa imefura, kisha imechanika kwa urefu, kingo zimebinuka kwenda nje kama mdomo wa samaki. "Unaona?" akaniambia. "Lililoliwa na kutu hutoboka vitundu vidogo, na pembeni huwa na rangi ya kijani. Hili limepasuliwa kwa nguvu kutoka ndani. Hii ni barafu." Akapiga picha tatu. Habari ya uchakavu sikuisikia tena.

Kuhusu pesa sitasema mengi, maana kila mkataba una yake. Wetu unalipa thamani ya kitu kipya, lakini kwa awamu mbili: kwanza wanakupa thamani ya kitu kilivyokuwa, wamekata miaka ya matumizi, ukishanunua kipya na kupeleka risiti, wanamalizia tofauti. Soma yako kabla hujakasirika, mimi nilikasirika kwanza. Kuna pia kiasi unachobeba mwenyewe katika kila dai, kwa hiyo kama hasara ni ndogo huenda isifae hata kuwapigia. Zawadi za watoto zilizokuwa bado hazijafunguliwa nazo zililoa, na tulilipwa kwa sababu shemeji alikuwa na tabia ya kutunza risiti, tabia niliyomcheka miaka yote. Baadhi ya mikataba hupandisha kiwango cha fidia ya vitu vya ndani mwezi wa Desemba kwa ajili ya zawadi kama hizo. Wetu haukuwa na kipengele hicho.

Jambo moja lililosaidia bila mtu kuniambia: kila nilipoongea na mtu, baadaye nilimwandikia barua pepe fupi, "Kama tulivyozungumza leo saa nane mchana, umesema…" Dai langu lilipita mikononi mwa watu wanne kwa sababu ya zamu za likizo, na wawili kati yao walianza kwa kuniuliza nini kilitokea. Niliwatumia mlolongo ule, tukaendelea pale tulipoishia.

Malipo ya mwisho yaliingia 12 Februari, ukiondoa gharama ya bomba lenyewe. Wanalipia maji yalichoharibu, hawalipii bomba. Kile kipande mtathmini hakukichukua. Kiko kwenye droo ya jikoni pamoja na betri na mipira ya kufungia, na mke wangu ameshauliza mara mbili kinakaa pale kufanya nini.