Klachi ya kuteleza kwenye shafti ya PTO: misimu miwili na rotaveta

Nyota nne kati ya tano. Ningetoa tano kama kikaratasi kilichokuja nayo kingesema mambo mawili ambayo nimeyajua kwa maumivu.

Kabla ya klachi hii nilikuwa natumia bolti ya kukatika kwenye shafti ya PTO, yaani shafti inayopeleka nguvu ya injini ya trekta kwenye zana. Wanaolima wanaijua: rotaveta, zana inayochimba udongo kwa visu vinavyozunguka, ikikamata kisiki, bolti inakatika, shafti inazunguka bure, mambo mengine yanasalimika. Kwenye shamba safi haina ubaya. Kwangu kuna mizizi iliyojificha chini kila hatua chache, na siku moja nilikata bolti tano kabla ya saa sita mchana. Za akiba zikaisha. Nikatafuta kwenye boksi la spana, nikapata bolti ngumu ya saizi ileile, nikaichomeka nikaendelea na kazi. Hiyo haikukatika kweli. Kilichokatika ni krosi, kile kiungo cha msalaba kinachoiwezesha shafti kujikunja, kwa mlio ulionifanya nidhani tairi limepasuka.

Fundi aliyekuja alinicheka kwanza, halafu akaniambia nina bahati. Nguvu ya kile kisiki lazima iishie mahali. Isipoishia kwenye bolti inakwenda kwenye krosi, krosi ikivumilia inakwenda kwenye gia boksi ya rotaveta, na hiyo nayo ikivumilia inarudi ndani ya trekta kwenyewe. Huko ndani, matrekta mengi hayatengenezeki bila kupasuliwa katikati, injini upande huu na gia boksi upande ule. Nikaamua kununua klachi ya kuteleza.

Yenyewe ni pleti zilizobanwa na springi nane; zikizidiwa nguvu zinateleza. Inakaa upande wa zana, si upande wa trekta. Shafti yangu ni ile ya kawaida ya meno 6, mizunguko 540 kwa dakika, kwa hiyo iliingia bila ubishi. Msimu wa kwanza niliifurahia sana. Rotaveta ikigonga mzizi, injini inaguna, nasikia harufu kama ya breki zilizoungua, nakanyaga pedali ya klachi ya trekta, nainua zana, nautoa mzizi, narudi kazini. Sishuki na spana. Kwa kazi yangu hilo peke yake linatosha.

Sasa jambo la kwanza ambalo kikaratasi hakikusema: klachi inaongeza urefu wa shafti, ambayo ni mabomba mawili, moja likiingia ndani ya lenzake. Nilifunga, nikaunganisha, nikaona sawa. Nilipoinua rotaveta kidogo nikaona bomba la ndani limefika mwisho wa bomba la nje, halina pa kwenda, na shafti imeanza kusukuma trekta kwa mbele. Ukilazimisha hapo unasaga beringi za PTO bila hata kugonga kisiki. Ilibidi nikate mabomba yote mawili na kava zake kwa kipimo kimoja, nikapiga tupa kingo, nikapaka grisi. Ukikata, usikate kwa hasira: shafti ikiwa imevutika kabisa, bomba moja liwe bado limo ndani ya lenzake angalau theluthi. Kava la zamani pia halikuifunika klachi kwa sababu ni nene zaidi. Nilitafuta lenye mdomo mpana. Shafti inayozunguka mara tisa kwa sekunde ikishika mguu wa suruali haikupi muda wa kupiga kelele, kwa hiyo sikufanya kazi hata siku moja bila kava.

Jambo la pili ndilo lililoniuma. Msimu ulipoisha niliiacha rotaveta nje, ikanyeshewa mvua yote. Msimu uliofuata niliifunga nikaingia shambani nikiwa na imani kwamba nina klachi. Ndani ya nusu saa nikagonga jiwe. Hakuna harufu, hakuna kuguna. Injini ilizima palepale, na krosi ya pili ikaenda. Tulipoifungua, pleti zilikuwa zimeshikana kwa kutu kama zimechomelewa. Nilikuwa naendesha shafti isiyo na kinga yoyote, tena nikiwa na kiburi cha mtu mwenye kinga.

Sitailaumu klachi kwa hilo. Lakini mnunuzi anapaswa kuambiwa, maana bolti haina shida hii. Bolti ikikaa nje mwaka mzima bado itakatika. Sasa kila msimu, kabla ya kugusa udongo, nafanya hivi. Napima urefu wa kila springi kwa rula na kuuandika. Nalegeza nati zote mizunguko miwili. Napiga mstari wa rangi unaovuka pleti zote. Naiacha rotaveta ardhini, nawasha PTO injini ikiwa polepole, sekunde mbili tatu, nazima, natoa ufunguo, nasubiri kila kitu kisimame ndipo nakwenda kuangalia. Mstari ukiwa umevunjika, pleti zimeteleza, narudisha nati kwenye vipimo vilevile. Ukiwa bado umenyooka, naifungua yote na kusugua kutu. Moshi kidogo ukitoka wakati wa kuteleza ni kawaida.

Kurudisha vipimo ni muhimu kuliko nilivyodhani. Jirani yangu aliona klachi yake inateleza mno, akakaza nati mpaka springi zikagusana. Springi ikishafika hapo haina tena pa kubonyea, na klachi imegeuka kipande cha chuma tu. Kama inateleza mno hata ukiwa kwenye vipimo, chunguza kama pleti zimelika au kama grisi imezipata. Grisi ni ya krosi na mabomba. Krosi zangu nazipa kila baada ya saa nane za kazi.

Kuna walioniuliza kama inafaa kwenye slasha, zana ya kufyeka majani. Itaokoa gia boksi ukigonga kisiki, lakini haitakusaidia kwenye shida nyingine ya matrekta ya zamani, yale ambayo pedali moja inakata magurudumu na PTO kwa pamoja. Unakanyaga klachi usimame, visu vizito vya slasha vinaendelea kuzunguka, vinaizungusha gia boksi ya trekta kutokea nyuma, na trekta linaendelea kutembea mguu ukiwa umekanyaga mpaka mwisho. Mimi lilinipeleka hadi kwenye uzio. Dawa yake ni kifaa kingine kinachovaliwa kwenye PTO upande wa trekta, kinafanya kazi kama friwili ya baiskeli: trekta linaweza kuzungusha zana, zana haiwezi kuzungusha trekta. Hicho nimeshaagiza ila hakijafika, na safari hii nimepima shafti kwanza.