Dodoso la Maslach kwa Wanafunzi: Linapima Vizuri, Halisemi Chanzo

Nimelijaza dodoso hili la kupima uchovu wa masomo mara mbili, kwanza muhula ulipoanza na tena wiki moja kabla ya mitihani, na halikunichukua hata dakika kumi. Lina kauli 15, kila moja ikijibiwa kwa namba kuanzia 0, yaani jambo hilo halijakutokea kamwe, hadi 6, yaani hukutokea kila siku. Asili yake ni kipimo cha uchovu wa kazini cha Christina Maslach na Susan Jackson cha mwaka 1981. Toleo la wanafunzi lilichapishwa mwaka 2002 na Wilmar Schaufeli na wenzake.

Ubora wake mkubwa ni kutochanganya mambo. Kauli 5 hupima kuchoka, 4 hupima kukinai, yaani kupoteza hamu ya masomo, na 6 hupima jinsi mwanafunzi anavyojiona kuwa anayaweza masomo yake, na alama hizo tatu hazijumlishwi pamoja. Mgawanyo huu una maana, kwa kuwa aliyekesha wiki nzima anaweza kuchoka sana na bado akaipenda fani yake, ilhali aliyekinai hulala vya kutosha akaamka na uzito uleule wa kufungua daftari. Alama zangu za kuchoka zilipanda karibu na mitihani, kama nilivyotarajia. Kilichonishtua ni kwamba za kukinai zilikuwa juu tangu mwanzo wa muhula.

Hapo ndipo dodoso linapomwacha mtu njiani. Haliulizi kama unasoma kwa hofu ya kuwaangusha wengine, wala kama unaahirisha kazi kwa kuogopa kuikosea, ingawa wanasaikolojia wameuhusisha mara nyingi uchovu wa masomo na kutafuta ukamilifu, hasa ule unaotokana na imani kwamba mtu akikosea hatakubalika. Zile kauli za uwezo nazo husomwa kinyume, kwa maana alama ndogo ndiyo dalili mbaya (nami nilikosea kuzisoma mara ya kwanza), na hazionyeshi kama kujidharau ndiko kulikoleta uchovu au ni uchovu uliozaa kujidharau. Tena alama hizi si cheti cha ugonjwa: Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iitwayo ICD-11, limeueleza uchovu huu kuwa jambo la kazini, si maradhi.

Ningelipendekeza kwa mshauri wa wanafunzi atakayeketi na aliyelijaza baada ya alama kutoka. Anayelijaza peke yake usiku wa manane, kama nilivyofanya mara ya pili, atabaki na namba tatu na hana wa kumuuliza.