Jarida la zamani la manga: ukinunua moja tu, chukua lipi?

Siku hizi manga, hadithi za picha za Kijapani, inasomwa zaidi kwenye simu. Programu ya MANGA Plus ya kampuni ya Shueisha, iliyoanza Januari 2019, inakupa bure sura tatu za mwanzo na tatu za karibuni za hadithi nyingi. Mwenye haraka ya kujua shujaa wake kafikwa na nini hana haja ya kununua karatasi. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kushika mkononi jarida lenyewe la kila wiki, lile nene la karatasi duni ambalo wavulana wa Japani wamekua nalo tangu 1959, na mfuko wake unamruhusu toleo moja, labda mawili.

Nimeyapanga kwa kujiuliza swali moja: toleo hili lina nini ambacho kitabu cha sura zilizokusanywa hakina? Kitabu kinakupa hadithi moja, imeshasafishwa. Jarida linakupa hadithi hiyo ikiwa bado vitani, inagombea macho ya mtoto na wenzake zaidi ya kumi, katikati ya matangazo ya vifaa vya kutunisha misuli, kadi ya kura na hadithi hafifu iliyokuja kufutwa baada ya miezi michache. Kwa hiyo usikimbilie toleo lenye sura ya kwanza ya hadithi maarufu. Hilo wakusanyaji wameshalipandisha bei. Toleo la wiki tatu mbele lina matangazo yaleyale na karibu wachoraji walewale, na hakuna anayeligombea.

1. Shonen Champion, 1975 hadi 1977

Najua wengi walitegemea Jump, jarida la Shueisha, ikae hapa. Champion ya kampuni ya Akita Shoten ilizaliwa 1969, ikiwa ya mwisho kati ya majarida manne makubwa yaliyopo hadi leo (mengine ni Magazine, Sunday na Jump; “shonen” ni mvulana), na mwanzoni ilikuwa inaburuta mkia. Mhariri wake mkuu, Kabemura Taizo, akashikilia jambo moja: hadithi ianze na iishe ndani ya wiki hiyohiyo kila inapowezekana. Kwa mnunuzi wa toleo moja, hakuna sifa inayozidi hiyo. Ukinunua Jump unaangukia katikati ya pigano lililoanza wiki sita nyuma. Ukinunua Champion ya miaka hii unapata mkasa mzima wa kurasa ishirini hivi, una mwanzo na mwisho.

Mkasa wenyewe kwa kawaida ni wa Black Jack. Mchoraji wake, Tezuka Osamu, alikuwa amefikia pabaya mwaka 1973: kampuni yake ya katuni za televisheni ilifilisika, na vijana walimwona mchoraji wa enzi ya kaka zao. Inasimuliwa kwamba Champion ilimpa nafasi ya sura chache tu, kama heshima ya kumuaga. Akaja na daktari wa upasuaji asiye na leseni, uso umeshonwa, anayedai wagonjwa mamilioni ya fedha. Tezuka mwenyewe alisomea udaktari, na ukitazama kwa makini paneli za chumba cha upasuaji utaona mkono wa mtu anayejua kilichomo ndani ya tumbo. Hadithi ikaendelea kwa miaka kumi.

Ndani ya toleo hilohilo utakuta Dokaben, hadithi ya besiboli ya Mizushima Shinji, na Gaki Deka ya Yamagami Tatsuhiko, kitoto kinachojifanya askari polisi na kisicho na adabu hata chembe. Hii ya mwisho haihitaji hata kujua Kijapani, wala haifai kumwonyesha bibi. Kwa mchanganyiko huo Champion ilivuka nakala milioni 2 mwishoni mwa miaka ya 1970. Leo watu wamesahau kwamba iliwahi kutamba hivyo, na ndiyo maana naiweka juu.

2. Shonen Jump, mwanzoni mwa 1988

Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea, kwa hiyo tuende taratibu.

Jump ilitoka Julai 1968, mara mbili kwa mwezi, nakala 105,000, bei yeni 90. Ilichelewa kufika sokoni. Wachoraji wenye majina walikuwa wameshachukuliwa na Magazine na Sunday, hivyo Shueisha ikabidi ichukue vijana ambao hawakujulikana: Nagai Go, Motomiya Hiroshi na wenzao. Walipoanza kupendwa, ikawafunga kwa mikataba ya kutochorea kwingine. Mwaka uliofuata ikawa ya kila wiki. Udhaifu wa siku ya kwanza ndio uliozaa mtambo mzima wa Jump: mchoraji mpya, mkataba wa kumfunga, na kura ya msomaji.

Kura hiyo unaweza kuishika. Ndani ya toleo kuna kadi ya posta ya karatasi ngumu. Mtoto anajaza umri wake, anachagua hadithi tatu zilizomfurahisha wiki hiyo, anabandika stempu na kutuma. Wahariri wanahesabu. Hadithi mpya isiyopata kura inaweza kukatwa baada ya wiki kumi tu, na mchoraji anarudi nyumbani. Toleo ambalo kadi yake haijang'olewa nalithamini kuliko lenye jalada linalong'aa, maana mtambo wote umo kwenye kipande hicho cha karatasi.

Kwa nini 1988, tena miezi ya mwanzo? Kwa sababu ni dirisha dogo ambamo Dragon Ball, Hokuto no Ken, Saint Seiya, City Hunter, Kochikame, JoJo na Captain Tsubasa zote zilikuwa zikiendelea kwa wakati mmoja. Captain Tsubasa iliaga mwaka huohuo kabla ya kiangazi kukolea, Hokuto no Ken ikafuata. Muulize muuzaji kama zote zimo, maana wachoraji huchukua mapumziko. Wasomaji wetu waliokulia Muscat na kwingine Ghuba watamtambua Tsubasa mara moja: ndiye Kapteni Majid wa televisheni za Kiarabu.

Sasa lile toleo ambalo kila muuzaji hulipigia debe: namba 3-4 ya 1995, nakala 6,530,000, rekodi ambayo haijavunjwa. Ni toleo la pamoja la mwaka mpya, na ingawa limeandikwa 1995 lilikuwa madukani Desemba 1994, kwa hiyo ukilitafuta kwa tarehe utalikosa. Jarida lililochapwa mara milioni sita na nusu si adimu, hata ukiondoa nakala zote zilizoishia kwenye magari ya karatasi chakavu, yale yaliyopita mitaani yakibadilisha magazeti ya zamani kwa karatasi za chooni. Anayekutajia bei ya kitu adimu anakuchezea. Lina thamani ya kihistoria, sawa: Dragon Ball iliisha miezi michache baadaye, Slam Dunk ikafuata 1996, na 1997 Magazine ikaipita Jump kwa mauzo. Jump ilirudi kileleni 2002, ikibebwa na One Piece na Naruto, lakini milioni sita hazijaonekana tena. 2017 ilishuka chini ya milioni 2.

3. Shonen Magazine, 1968 hadi 1970

Kwa uzito wa historia hili lingekuwa la kwanza. Nimelishusha kwa sababu karatasi yake ina zaidi ya nusu karne na bei za miaka hiyo haziko chini.

Magazine ya Kodansha na Sunday ya Shogakukan zilitoka siku moja, tarehe 17 Machi 1959. Kabla ya hapo jarida la watoto lilikuwa la kila mwezi. Televisheni ilipoingia na vipindi vya kila wiki, mwezi ukawa mrefu mno kwa mtoto kusubiri. Ushindani ulianza kabla hata ya wino kukauka: Magazine ilitoka kwa yeni 40, Sunday ikashuka hadi 30. Mwaka 1965 walinyang'anyana hata hadithi. Tezuka aliianza hadithi yake ya W3 ndani ya Magazine, ukazuka ugomvi kuhusu wazo lililofanana na lake mno, akaihamishia Sunday na kuianza upya. Mkusanyaji mwenye jicho hununua moja ya huku na moja ya huko, akaziweka pamoja.

Baada ya pigo hilo Magazine iliwageukia wachoraji waliokuwa wakichorea maduka ya kukodisha vitabu, watu kama Mizuki Shigeru na Saito Takao, ambao picha zao zilikuwa na giza na jasho kuliko za kitoto. Ndiyo sababu wavulana wa 1959 hawakuacha kusoma walipofika chuo kikuu. Walikuwa bado na Magazine mkononi miaka ya maandamano, wakifuatilia Ashita no Joe, hadithi ya bondia wa mtaa wa makabwela. Mpinzani wake Rikiishi alipokufa mwanzoni mwa 1970, mshairi Terayama Shuji aliongoza mazishi ya kweli ndani ya jengo la Kodansha, tarehe 24 Machi, watu kama 700, ulingo ukiwa umesimamishwa na ubani unafuka. Wiki moja baadaye vijana wa Jeshi Jekundu, kikundi cha wanamapinduzi wa mrengo wa kushoto, waliteka ndege ya Japan Airlines na kuacha tamko lililomalizika kwa kusema wao ni Ashita no Joe.

Toleo lenye kifo cha Rikiishi linajulikana, na bei yake ni ya kujulikana. Chukua la mwezi mmoja kabla au baada.

4. Shonen Sunday, 1981 hadi 1986

Ni ya watu wa mahaba na vichekesho. Touch ya Adachi Mitsuru na Urusei Yatsura ya Takahashi Rumiko zilikuwa zikienda pamoja, na mwaka 1983 Sunday ikafikia kilele chake, nakala milioni 2.28. Ni safi, inasomeka kwa raha, na mchoraji nyota wake mwanamke, Takahashi, ni ushahidi kwamba jarida la wavulana halikuwa la wavulana peke yao. Lakini ukishanunua Champion na Jump, hii haitakushangaza sana.

5. Shonen ya Kobunsha, miaka ya 1950

Hili ni la kila mwezi, lililoishi kuanzia 1946 hadi 1968, nyumba ya hadithi za roboti Tetsuwan Atom na Tetsujin 28. Ni kitu kizuri, nami nakushauri usiliguse kama ndiyo kwanza unaanza. Majarida ya enzi hiyo yalikuja na vijitabu vya nyongeza, viitwavyo furoku, na hadithi mara nyingi ilianza kwenye jarida ikamalizikia kwenye kijitabu. Vijitabu vimepotea. Unanunua kwa bei kubwa nusu ya hadithi.

Njia za pembeni

Shueisha ilichapa upya toleo la kwanza la Jump la 1968 wakati wa kuelekea miaka 50 ya jarida, kwenye pakiti moja na lile la milioni 6.53. Kwa anayetaka kusoma tu, hiyo inatosha. Walio Marekani na Kanada wana jingine: Shonen Jump ya Kiingereza iliyochapwa kila mwezi kuanzia mwishoni mwa 2002 hadi 2012, ikisomwa kulia kwenda kushoto kama ya Kijapani. Aliyesoma chuo cha Kurani hatapata taabu kujua jalada la mbele ni lipi. Toleo lake la kwanza lilikuja na kadi ya Yu-Gi-Oh!, na bei hubadilika sana kadi ikiwa haipo. Toleo jipya la Jump ya leo nalo ni takriban yeni 300 tu katika duka lolote dogo la Tokyo; ukiwa na mtu huko, mwagize kabla hujaingia kwenye ya zamani, uone kama mikono yako inaipenda karatasi hiyo.

Kabla ya kulipa

Mjini Tokyo penye mzigo mkubwa ni duka la Mandarake, ndani ya jengo la Nakano Broadway, na mtaa wa vitabu vya mtumba wa Jinbocho. Aliye nje hupitia wakala anayenunua kwenye minada ya mtandaoni ya Kijapani na kukusafirishia. Toleo moja hukaribia au kupita nusu kilo, kwa hiyo nauli inaweza kuzidi bei ya jarida. Agiza mawili au matatu kwa pamoja, na uulize kama yanaweza kusafirishwa kwa meli.

Kwenye maelezo ya muuzaji tafuta neno kiritori: maana yake kuna kitu kimekatwa, aghalabu kadi ya kura au kuponi, wakati mwingine ukurasa wa rangi wa mwanzo uliokwenda kubandikwa ukutani. Neno jingine la Kijapani, “yake”, ni karatasi kuungua rangi kwa umri. Hiyo ivumilie, kwa kuwa hakuna karatasi ya aina hii iliyobaki nyeupe. Usilovumilia ni kutu. Majarida haya yamebanwa kwa pini nene za waya upande wa mgongo, na pini ikishika kutu inakula karatasi kutoka ndani hadi kurasa zinaachia zenyewe. Orodha ya yaliyomo kwenye Jump iko mwishoni. Muuzaji akiwa amepiga picha ya jalada tu, mwombe ya ukurasa huo na ya mgongo. Asipotuma, nenda kwa mwingine.