Bolti nne za propela ya gari: uzoefu wangu kwenye maduka ya Gerezani

Land Rover yetu ni 109 Series III ya mwaka 1978. Aliinunua marehemu baba, na mpaka leo ndiyo inayotoa mahindi shambani Mlandizi. Mwezi uliopita ikaanza kugonga chini kila nikibadilisha gia. Nikaingia uvunguni, nikakuta flanji ya propela shafti (ule mhimili unaopeleka mzunguko kutoka kwenye gia mpaka kwenye difu), upande wa difu ya nyuma, imebaki na bolti tatu, moja naichezesha kwa vidole.

Duka la kwanza nililoingia Gerezani, Kariakoo, kijana hakuuliza hata ni za gari gani. Kusikia "propela" tu, akanihesabia nne za milimita 8, shilingi 700 kila moja. Zilipita tunduni kwa ulaini, na hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka: tundu lile ni la inchi 3/8, yaani milimita 9.5 na ushee. Bolti ya 8 inaelea humo hata ukiikaza vipi. Nilifika Kibaha sakafu nzima inatetemeka, nikageuza. Fundi wa mtaani akashauri tutoboe flanji tuweke za 10. Nilikataa kabisa. Ikitobolewa kombo, shafti haikai tena katikati, na flanji si bei ya bolti.

Duka la pili nilielekezwa na dereva wa lori. Chumba chembamba, makopo ya bolti mpaka darini, na mzee mmoja mwenye miwani. Nikampa shikamoo, nikampa na bolti kuukuu. Aliifuta grisi kwa kitambaa chenye dizeli, akatoa geji ya kupimia nyuzi za bolti, ile yenye vijisu vingi, akajaribu kimoja kimoja akiinua kwenye mwanga. Kijisu cha nyuzi zinazoachana milimita 1.25 kilikataa. Cha milimita 1 kilikaribia, ila mwanga ukapenya kwenye nyuzi za mwisho. Cha nyuzi 24 kwa inchi kikalala kimya.

"Hii UNF, mwanangu. Mjapani hana hii." UNF ni aina ya nyuzi za kipimo cha inchi, zile zilizosogeleana.

Ndiyo maana nilihangaika. Mji umejaa Toyota, Toyota ni milimita, basi makopo karibu yote ya Gerezani ni milimita.

Akanichagulia zenye mistari mitatu kichwani, alama ya chuma kigumu, akasema kichwa kisicho na alama asikiweke mtu kwenye shafti. Akaongeza nati mpya zenye nailoni ndani, maana za zamani zikishafunguliwa hazishiki tena. Bolti na nati yake, 2,500. Nikachukua sita, 15,000, bila kuomba apunguze.

Kasoro zipo. Hatoi risiti, gari huna pa kuliweka, na Jumamosi mchana anafunga. Mimi nilikuta kufuli mara mbili. Lakini kwa mwenye gari la inchi ningemtuma huko bila kusita, mradi abebe bolti ya zamani mkononi, hata kama imekatika.

Spana nayo muulizie hapohapo. Vichwa hivi ni vya inchi 9/16: spana ya milimita 14 haiingii, ya 15 inateleza na kula kona. Aliniuzia ya mtumba kwa 6,000. Sasa iko kwenye kopo la maziwa chini ya siti, pamoja na zile bolti mbili zilizobaki, na nimeshakwenda Mlandizi mara nne na mzigo bila kusikia mlio wa kugonga hata mmoja.